Marehemu Aliyeomba Kufunguliwa

Jumatano, Julai. Manyunyu kutwa nzima.

Baridi ya leo ilikuwa na makusudi. Ukungu uliilalia Waiyaki Way tangu alfajiri hadi taa za magari zikawa vidoa tu. Nimerudi nyumbani Kangemi na soksi zilizoloa, nimejifunika blanketi, kikombe cha chai kiko mkononi, na bado sijapata joto. Kwa hiyo ninaandika.

Kwa mtu aliyeingia hapa leo kwa mara ya kwanza, kazi yangu ni milango. Niko kwenye kampuni ndogo katikati ya jiji, juu ya duka la vitambaa, na tunasimamia milango ya kisasa ya majengo ya kupanga. Mpangaji anasogeza simu yake kwenye kisanduku kilicho ukutani, mlango unafunguka. Mimi ndiye ninayepanga nani afunguliwe wapi. Mamangu huwaambia wenzake kanisani kwamba mimi ni bawabu aliyesoma.

Kuna jengo moja la Westlands lililokuwa likinisumbua. Mlango wa kwenda juu ya paa, kwenye matangi ya maji na kamba za kuanikia, ulifunguliwa kwa namba moja ambayo kila mtu aliijua, pamoja na muuza mboga. Nguo zikawa zinaibwa, mpaka mashuka. Basi mwanzoni mwa mwaka nikaifuta ile namba na kuiambatanisha ruhusa ya kila mpangaji na tokeni yake mwenyewe. Tokeni ni alama ya siri ambayo mfumo unaiweka ndani ya simu yako ukishathibitisha kwamba wewe ni wewe. Siku hizi mlango hauulizi kama unajua namba. Unaiuliza simu: wewe ni nani, na je, unaruhusiwa? Tokeni ikifutwa, ruhusa zake zote zinaanguka nayo, na hairudi mpaka mwenyewe aje athibitishe upya.

Nikaweka kisanduku pande zote mbili za mlango, ili hata anayetoka paani na mashuka ya watu ajulikane. Na kwa mbwembwe zangu nikaongeza kitu ambacho hakuna aliyeniomba. Mlango ukifunguka, kioo kidogo kinaandika jina lako. Karibu, fulani.

Niliijivunia kazi ile. Nasema ukweli.

Juzi Bi Mugo, meneja wa jengo hilo, akanitumia ujumbe wenye majina ya kuondoa. Karibu wote ni wapangaji waliohama. Mmoja alifariki wakati wa mvua za masika, Mzee Kantilal wa ghorofa ya juu kabisa. Kabla ya kufuta huwa naangalia tokeni ilitumika lini mara ya mwisho. Za wale wengine zilikuwa zimelala muda mrefu. Ya Mzee Kantilal ilikuwa imetumika asubuhi ile ile.

Nikarudi nyuma siku moja. Nyingine. Nyingine tena. Kila alfajiri marehemu anafungua mlango wa paa, anakaa huko kidogo, anaufungua tena na kurudi chini. Hakuna mlango mwingine anaougusa.

Mwili ulinisisimka. Lakini mimi ni mtu wa mitambo, nikajipa jibu la Nairobi: simu imeibwa, na kuna mtu anapanda nayo kwenda kuchagua nguo. Nikaamua kumvizia.

Leo nilifika ofisini mapema, na kabla ya kuvua koti nikawasha kompyuta. Sikungoja sana. Kantilal, mlango wa paa, umefunguliwa. Nikauacha mlango ujifunge nyuma yake, kisha nikaifuta tokeni. Nilitaka akwame huko juu mpaka mlinzi amfikie. Nilipobonyeza nilikuwa natabasamu.

Nikampigia Mutua, mlinzi wa jengo. Hapatikani. Nikapiga tena. Hapatikani.

Ndipo maombi yakaanza kuingia.

Kantilal, kutoka paani. Imekataliwa.

Kimya kidogo.

Kantilal, kutoka paani. Imekataliwa.

Nilitarajia fujo. Mwizi aliyefungiwa hubonyeza ovyo, hupiga mlango mateke, hutafuta pa kurukia. Huyu hakuwa na haraka hata kidogo. Alikuwa anaomba, anangoja, anaomba tena, taratibu, kwa imani ya mtu aliyezoea kufunguliwa. Na lile jina lilizidi kuja kwenye kioo cha kompyuta yangu, jina la mtu ambaye mwili wake, kwa mila ya Kihindu, ulishakuwa majivu.

Otieno, mwenzangu wa meza ya pili, akaja akainama nyuma yangu.

"Si huyu ni ule mzee alidedi?"

"Ndiye."

"Na anataka kurudi ndani." Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Wanja, mrudishie access. Unamfungia nje ya nini?"

"Hiyo simu iliibwa, Otieno."

"Mwizi gani anabonyeza polepole hivyo? Zii. Huyo si mwizi."

Nikajaribu kuirudisha. Mfumo ukanijibu nilivyoufundisha kujibu: mwenye tokeni athibitishe mwenyewe. Mwenyewe amekufa. Na njia ya kuufungua mlango ule nikiwa mbali sikuiweka, kwa sababu ya usalama, uamuzi ambao niliutetea kwenye kikao kwa sauti kubwa.

Halafu maombi yakakoma.

Nilikuwa nimeyaogopa yalipokuja. Yalipokoma niliogopa zaidi. Nikachukua mwavuli, nikashuka ngazi mbiombio, nikampungia mkono boda wa kwanza niliyemwona.

Mutua alikuwa getini, simu yake imezima, hajui lolote. "Hakuna mwizi ameingia hapa, madam. Ningemwona." Nikampita. Lifti inaishia ghorofa ya juu, kutoka hapo ni ngazi za simiti hadi mlango wa paa. Nilisimama mbele yake nikasikiliza. Hakukuwa na sauti yoyote upande wa pili ila maji yakichuruzika. Nimeweka milango mingi mjini hapa na sijawahi kuogopa kufungua hata mmoja. Huu nilitamani mtu mwingine aufungue. Nikasogeza simu. Karibu, Wanja.

Juu kulikuwa na ukungu mtupu. Kamba za nguo, matangi meusi, na kando ya tangi la karibu, juu ya beseni lililopinduliwa, ameketi mama mzee wa Kihindi. Sari nyeupe imeloa mpaka magotini, sweta limeshiba maji. Miguuni pake kuna chombo kidogo cha maji cha shaba, kitupu. Ameishika simu kwa mikono miwili, na midomo yake imebadilika rangi.

Hakunitazama mimi. Alikuwa anatazama kile kioo kidogo cha ukutani.

"Leo hapana andika," akasema. "Mimi naweka simu, naweka simu. Yeye hapana andika jina yake."

"Mama, umekuwa hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu wakati ya jua. Leo jua pia hapana kuja."

Nilimvua sweta nikamvisha koti langu. Vidole vyake havikutaka kuiachia ile simu, ikabidi nivikunjue kimoja kimoja. Chaji ilikuwa imekwisha, na laini ya mzee ilishafungwa, kwa hiyo hata ingekuwa na chaji asingeweza kumpigia mtu. Alikuwa amebaki na kazi moja tu, kuomba mlango.

Nyumbani kwake, akiwa ndani ya mablanketi na chai ya tangawizi, akanieleza. Anaitwa Bi Savita. Miaka yote ya ndoa yao, alfajiri walipanda pamoja kwenda kulimiminia jua maji, ibada yao ya asubuhi. Mzee anafungua, yeye anafuata nyuma. Hakuwahi kufungua mlango ule mwenyewe. Mzee alipofariki akaichukua simu, akaisogeza alivyozoea kumwona akifanya, na mlango ukaandika, Karibu, Kantilal.

"Watoto iko mbali. Watu hapa nasema pole, halafu hapana taja yeye tena," akasema. "Mlango tu nataja. Kila siku."

Nikamwambia ni mimi niliyefuta. Nikamwambia na sababu, habari za mwizi na zote, bila kujitetea. Niliona aibu, nilitaka akasirike, anifukuze. Akanisukumia sahani ya biskuti.

Nikachomeka ile simu chaji, na ilipowaka nikamtengenezea tokeni yake mwenyewe. Kuna sehemu ya kuandika jina litakalotokea kwenye kioo. Hakuna sheria inayonizuia kuandika chochote pale, kwa hiyo nikamuuliza niandike lipi, lake au la mzee. Akageukia dirishani. Nje manyunyu yalikuwa yakiendelea.

"Andika Savita," akasema. "Yeye nachoka, acha apumzike."

Nikaandika. Akasogeza uso karibu na simu akalisoma jina lake kwa sauti ya chini, kwa mashaka kidogo. Kisha akaniuliza, "Na siku mimi nakufa, nani nafuta hii?"

Ningeweza kusema kampuni. Ningeweza kusema mfumo.

"Ni mimi, Mama."

Akaitikia kwa kichwa, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa bado wa baridi kali.

"Basi siku hiyo, kabla bonyeza, kuja juu kwanza. Angalia kama mimi iko."

Nikasema ndiyo, Mama.

Yale majina mengine ya Bi Mugo nimeyafungua hapa mbele yangu, na kitufe cha kufuta kiko pale pale kilipo siku zote. Sijakigusa. Kesho nitaanza kwa kubisha hodi milangoni mwao.