Vyura Wangu Wanafukiwa Jumamosi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla lori la udongo halijafika. Mimi ni mama wa mtoto mmoja na kazi yangu ni muziki, ule wa taratibu usio na ngoma wala maneno, napiga kinanda cha umeme peke yangu chumbani, nachanganya na sauti za mvua, upepo na wadudu, najirekodia na kuupandisha mtandaoni bila kampuni wala meneja, na wapo watu nisiowajua wanaoniandikia kwamba wakiusikiliza wanajihisi wanaelea. Nyuma ya nyumba yetu kuna dimbwi lenye vyura. Giza likianza kuingia natoa maikrofoni dirishani, nabonyeza noti moja ya chini kabisa na kuiacha ikae, vyura wananyamaza, halafu mmoja anajibu, mwingine anafuata, mara dimbwi zima linaimba nami na mimi sijui tena mikono yangu inaishia wapi na maji yanaanzia wapi. Albamu nzima naijenga hapo na bado haijaisha. Sasa mwanangu ameugua malaria mara mbili, mama mkwe anasema ni mbu wa dimbwi, alitaka kumwaga mafuta ya taa nikamkatalia kwa kuwa yangeua vyura, basi akaenda kwa mwanawe, na mume wangu ameshaagiza lori, Jumamosi wanafukia. Mama mkwe aliniambia, "Wewe unawapenda vyura kuliko mjukuu wangu." Nimelia sana, mshauri. Nifanyeje wasifukie?

JIBU

Binti yangu, waache wafukie. Nilipofika pale vyura wanapokujibu niliweka karatasi chini nikatabasamu peke yangu, kwa hiyo usidhani nina roho ngumu. Lakini kumkatalia bibi wa watu mafuta ya taa mtoto akiwa na homa, hapo umeniudhi. Na usije ukaniambia vyura wanakula mbu. Kama wangekuwa wanawala wa kutosha, mwanao asingeugua.

Leo hii mtoto alale ndani ya chandarua. Nenda kwa mama mkwe, kaa chini, muombe radhi, na tafadhali usianze kumweleza habari za sanaa. Jioni zilizobaki piga na vyura wako mpaka moyo uridhike. Jumamosi nayo usijifungie chumbani kununa. Toa maikrofoni mapema, shika noti yako, iache ikae huku udongo unaingia majini. Rekodi makoleo, rekodi vyura wakipungua mmoja mmoja, mpaka ubaki unapiga na hakuna anayekujibu. Utalia, lakini usizime mashine.

Wimbo huo ukiwa tayari, wa kwanza kuusikia awe mama mkwe. Muwekee, kaa karibu naye, usiseme kitu. Akisinzia katikati usikasirike, mwanangu. Mfunike shuka, uache uendelee.