Ngano Iliyowahi Magunia

Mama Faustina,

Maziwa nimeyachemsha. Jua likitoka mmwage magunia yote kwenye turubai, mgeuzegeuze. Iliyoota haitarudi kuwa ngano, ila iliyolowa tutaiokoa.

Mnunuzi alikuja jana ukiwa kanisani. Alichoma gunia la kwanza kwa bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, akazitazama punje kiganjani, akazinusa. "Mzee, hii imefungwa mbichi. Haifai unga wa mkate. Nitaichukua kama chakula cha kuku, nusu ya bei ya jirani yako." Gunia la pili likawa vilevile, na la tatu.

Faustina alituomba tuianike siku tatu zaidi. Mimi nikakimbilia kufunga kabla bei haijashuka, nikamfokea mbele ya vibarua kwamba darasani hakulimwi ngano. Jana alikuwa pale pale mlangoni, akasikia yote. Afadhali angenicheka.

Sikuuza.

~~Nimeenda Iyunga kutafuta mnunuzi mwingine.~~ Nisikudanganye, mama. Natembea tu. Nimeshindwa kukaa naye meza moja asubuhi hii.

Mbuzi wasilikaribie turubai. Faustina usimwambie kitu. Nitamwomba radhi mwenyewe, nikipata pa kuanzia.

Baba Faustina