Maziwa Yasiyopita

Salelologa, Savai'i
12 Agosti 2018

Mpendwa mdogo wangu Sefo,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Kifua chako kimepona katika baridi ya huko Auckland? Sisi wazima, na leo naweza kuliandika neno hilo bila kukudanganya.

Mjukuu wako Ioane, mtoto wa binti yangu Lupe, alipotimiza wiki nne alianza kutapika. Si kucheua, Sefo. Maziwa yaliruka mpaka mkeka wa pili, kisha analia njaa tena. Akakonda hadi ngozi ya mapaja ikakunjamana. Mele, mama mkwe wa Lupe, akashikilia kuwa maziwa ya mama ndiyo mabaya. "Mwachishe! Unamlisha sumu!" Lupe akawa ananyonyesha huku machozi yanamtoka.

Jumatatu nikambeba mtoto, tukavuka na Lupe kwa meli ya asubuhi kwenda hospitali ya Apia. Mele akafuata na kikapu chake cha magimbi, akiyalaumu maziwa njia nzima.

Hospitalini, Daktari Tapuala alimpaka mtoto mafuta ya baridi tumboni, akapitisha kifaa cha ultrasaundi kinachoonyesha yaliyomo ndani, huku Lupe akimnywesha maji kwa chupa. Akatuambia tuangalie kioo cha mashine, pale tumbo linapofunguka kuingia utumbo: maji yakipita mbele yatawaka mekundu, yakirudi yatakuwa bluu.

Tumbo likajikaza. Likajikaza tena. Hakuna rangi. Dakika kumi, kumi na tano. Mara bluu ikafumka, Ioane akatapika, na maji yote yakaniishia kifuani.

"Halipiti hata tone," daktari akasema. "Msuli wa mlango umenenepa, umeziba. Itabidi tumpasue."

Mele akauliza kwa sauti ndogo, "Na maziwa ya mama yake?"

"Hayana kosa, mama. Hayana pa kupita tu."

Wakamtundikia maji siku mbili, maana alikuwa amekauka. Alhamisi wakampasua. Tulisubiri nje, kucha za Lupe zimenizama mkononi.

Ijumaa daktari akarudia kipimo, safari hii Ioane akinyonya kwa mama yake. Tukakikazia macho kioo. Nyekundu ikapenya, nyembamba kama uzi. Ikapenya tena.

Mele alipanda kitandani, akakaa nyuma ya Lupe ili amwegemee, akakaa hivyohivyo mpaka mtoto akashiba na kulala. Hakutapika.

Nisalimie wifi yangu Sina na wanao wote. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Dada yako akupendaye kila siku,
Fuatino