Nyimbo za Mzee Harlan na Kiapo Changu

Tennessee, Marekani
Jumapili, Julai 1996

Mke wangu Mama Neema,

Hujambo? Neema hajambo? Nilipopata barua yako kwamba homa imemwachia na ameanza tena shule, niliikunja nikaitia mfukoni nikaenda nayo kazini, nikawa naigusagusa. Na Baba, mguu wake umepungua uvimbe? Mpunga wa kijijini Mofu mmeuwahi kabla ndege hawajaumaliza? Huku mwili wangu ni mzima ila umechoka. Kutwa nzima nakata mabawa ya kuku kwenye baridi ya kiwanda, na asubuhi vidole vya mkono wa kulia havikunjiki vizuri, kwa hiyo usishangae mwandiko. Barua hii nimeiandika kwa vipande, nikipumzisha mkono.

Umeniuliza mara mbili: utaapa lini? Najua majirani wa hapo Mlabani wanakuuliza wewe kabla hujaniuliza mimi. Nakupangia tena jambo lenyewe, ili uweze kumweleza na Baba. Nikiapa kuwa raia wa hapa, wewe na Neema mtaitwa mapema. Nikibaki na kibali changu cha kuishi tu, mtakaa kwenye foleni ya miaka. Lakini nchi yetu hairuhusu mtu kuwa raia wa nchi mbili. Siku nikiinua mkono hapa, huko nimekuwa mgeni. Ndiyo maana nilikaa kimya tangu nilipoitwa kuapa. Hakuna jingine nililokuficha.

Nilikwisha kukuandikia habari za Mzee Harlan, yule Mzungu ninayefanya naye kazi meza moja, anayenipa lifti kwenye pikapu yake. Redio yake haitoki kwenye stesheni ya muziki wa kantri. Unaujua, ndio ule uliokuwa ukipigwa redioni Jumapili mchana, tukaipenda sauti bila kujua maneno. Sasa maneno nayajua, na yamenichosha. Ni pikapu, mbwa, mke aliyeondoka, mama jikoni, baba aliyelima mpaka mgongo ukapinda, na bendera barazani. Siku moja nikamwambia, "Mzee, sisi tukiiimba nchi yetu tunataja mlima, uhuru na viongozi. Ninyi mnataja mbwa?"

Akasema, "Kwani nchi ni nini kingine? Wimbo ukikuchosha, shuka utembee."

Akacheka mwenyewe. Mbele kidogo akapunguza mwendo, akanionyesha duka kubwa lenye uwanja wa kuegesha magari. "Hapo palikuwa shamba la baba," akasema. Benki ililichukua. Tangu hapo nikajua kwamba anapoimba shamba anaimba kitu ambacho hakipo tena. Bendera nazo anazo mbili. Moja iko barazani kwake kama kwenye nyimbo. Ya pili iko kabatini, imekunjwa pembetatu. Ndiyo iliyofunika jeneza la mwanawe alipoletwa kutoka vita vya Ghuba.

Sikukuu yao ya uhuru tulipumzishwa kazi, mzee akanichukua kwenye sherehe ya kanisa lao. Palikuwa na nyama ya kuchoma, watoto wenye vibendera, na vijana wanne na magitaa yao. Walipoanza wimbo wa kuisifu nchi watu wote wakasimama, kofia kifuani. Mzee Harlan machozi yakamtoka na hakuyafuta. Mimi nilisimama, lakini mkono wangu haukujua uende wapi. Nikautia mfukoni, nikaona ni utovu wa adabu, nikautoa.

Wimbo ulipokwisha, mke wa mzee, Mama Ruth, akapaza sauti, "Na huyu naye atuimbie cha kwao!"

Nikasema sijui kuimba.

"Mwongo mkubwa," akasema mzee. "Kila siku unaimbaimba kwenye gari langu."

Basi nikaimba ule wimbo wa Kindamba wa kupura mpunga, ambao marehemu mama alikuwa akiuanzisha. Niliimba vizuri tu. Nikafika pale wanaume tunaponyamaza ili wanawake mwitikie, nikanyamaza. Mke wangu, nilisubiri kweli. Nilisahau niko wapi. Watu wakadhani nimemaliza, wakapiga makofi.

Tulipokuwa tunarudi, mzee akazima redio, jambo ambalo halifanyi. "Pale uliponyamaza, ulikuwa unamsubiri nani?"

"Wanawake," nikasema. "Mke wangu."

Akasema, "Mimi mwanangu nilimsubiri, nikaletewa bendera. Mkeo yuko hai. Acha kuzungukazunguka, kaape."

"Na nchi yangu je?"

"Shamba letu lilikwenda benki. Umewahi kunisikia nimeacha kuliimba?"

Kesho yake katika shajara yangu niliandika neno moja tu chini ya tarehe: nitaapa.

Ni Alhamisi ya wiki ijayo. Barua hii ikikufikia nitakuwa nimeshaapa, kwa hiyo usihangaike kuniandikia kunizuia wala kunihimiza. Kazi ninayokuachia wewe ni ngumu kuliko yangu. Nenda Mofu mwenyewe, usimtume mtu, ukamwambie Baba. Usimwambie nimeipenda Marekani kuliko kwetu. Mwambie nimechoka kula peke yangu. Yale majaruba ya mpunga aliyonigawia amkabidhi dada Skola mbele ya mwenyekiti wa kijiji, maana mgeni hamiliki ardhi, na sitaki Skola alime huku akiogopa kwamba siku moja nitakuja kumnyang'anya. Baba akikasirika usinitetee. Aliipigania nchi hiyo vitani Uganda, na mguu ule ndio aliorudi nao. Ana haki ya kukasirika mpaka achoke.

Mfikishie shikamoo yangu kwanza, kabla ya habari yenyewe. Msalimie mama mkwe, dawa yake ya macho nimeipata, nitaituma kwa mtu anayekuja Dar. Msalimie fundi baiskeli jirani yetu, na mwalimu wa darasa wa Neema kwa kutomchoka mtoto. Neema mwambie ajifunze Kiingereza, lakini Kindamba aongee na babu yake kila anapopata nafasi ya kwenda Mofu.

Ni mimi mumeo, na mpaka Alhamisi, raia mwenzako,

Baba Neema