Alama Tatu za Wino

Eldoret, 4 Machi 2025

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, hofu ni kwako na hilo koo. Unameza vizuri? Najua simu huipendi tangu sauti ikauke, kwa hivyo barua nimempa Ibrahim wa lori la mahindi.

Umebakisha mara moja tu, Jumatatu. Wengine huchomwa mionzi mara ishirini na tano. Utafiti wangu unajaribu kama mara tano nzito, hesabu ikipigwa sawa, zitaua kansa vilevile. Hesabu naipiga mimi. Zile alama za wino kifuani, misalaba midogo mitatu, ndizo zinazoelekeza mashine, usizioshe mpaka niseme mimi. Nakujua kwa ukaidi.

Mwanao, Kavetsa

Moi's Bridge, 6 Machi

Kavetsa mwanangu,

Hatujambo, ila mvua imekataa. Jana nimekula ugali, si uji. Mashine yako ni kiboko.

Shida ni moja. Nilivua shati tukipakia magunia, Ondiek, mpakiaji mwenzangu, akaziona alama. Unawakumbuka wezi waliomkata mlinzi wa ghala? Sasa wanasema genge hilo huchorwa misalaba kifuani. Jirani Mama Aluoch ananisihi nizifute. Nimekataa. Mwanangu amesema zisiguswe, basi. Wajinga hao nimewazoea.

Baba yako

Eldoret, 10 Machi

Baba,

Salamu baadaye. Leo mashine imekungoja mpaka jioni. Uko wapi? Ukikosa wiki hii kansa itarudi na nguvu, na nitakuwa nimekuchoma bure. Nimekasirika, na naogopa.

Kavetsa wako

Moi's Bridge, 11 Machi

Mwanangu,

Sijambo kidogo. Usishangae mwandiko, ni mkono wa kushoto.

Jumapili walinikuta shambani, wanaume tisa na rungu na panga, Ondiek mbele. Niliwaambia ni dawa, wakacheka. Walitaka kuzichuna alama kwa kisu. Nikajikunja, nikafunika kifua kwa mikono yote miwili. Kichwa nikawaachia. Vidole vitatu vimebaki kwenye mahindi, jicho moja halioni, na damu ya sikio haikomi. Wangenimaliza kama Ibrahim hangepita na lori. Zahanati wamenishona.

Lakini alama ziko, zote tatu. Kesho Ibrahim ananileta. Andaa mashine.

Baba yako

Eldoret, 13 Machi

Baba,

Nakuandikia hivyo hivyo. Ibrahim alikushusha jana saa nne ukiwa huna pumzi tena. Nilifungua shati lililoganda damu. Wino haukuwa umefutika hata kidogo.

Baba, alama hizo tunazichora upya kwa dakika tano. Vipimo vyote viko kwenye kompyuta. Sikukuambia, nikijua ukisikia hivyo utajisugua na gunzi siku hiyohiyo.

Leo wazee wanakuosha. Nimewaomba kifua waniachie mimi. Maji wameyapasha mara mbili, na kitambaa mkononi mwangu bado ni kikavu.

Mwanao, Kavetsa