Tisa wa Langoni

Kambi ya Juu, 3 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje? Nauliza nikijua utasema hakijambo, kisha utakohoa mpaka jirani agonge ukuta. Mimi mzima, isipokuwa midomo imepasuka na vidole viwili vya mkono wa kushoto vinachelewa kuamka asubuhi. Huku hakuna umeme wala mtandao, ndiyo maana nimerudi kwenye filamu na karatasi kama watu wa zamani. Najua jambo hili linakufurahisha, usijifiche.

Nakuletea rolli nne za filamu kwa mpagazi anayeshuka kuchukua unga na mafuta ya taa. Zisafishe mwenyewe, kisha umpe mchapishaji wa kalenda picha zake. Usimwachie mtu mwingine azishike.

Rolli niliyoifunga uzi mwekundu ndiyo roho yangu. Juzi tulivuka Lango, ule mwanya kati ya vilele viwili ambao ukiwa mjini unauona kama pengo la jino. Njia yake haizidi upana wa meza yako ya kazi, kushoto shimo, kulia shimo. Niling'ang'ania kutangulia ili nipate picha ya wenzangu kwa mbele. Nikateleza. Nikabaki nikining'inia kwenye kamba, kamera shingoni. Wa tatu nyuma yangu ni mpishi wetu, wanamwita Jiko. Hakupiga kelele. Alikaa kitako kwenye barafu, akachimba visigino, akanishikilia mpaka wenzake wakanivuta. Kisha akauliza, "Kamera nzima, dada? Maana ikivunjika tutakuwa tunalisha mpiga picha wa bure."

Nilipofika ng'ambo nilifungua kamba, nikageuka, nikawapiga picha wakivuka. Wote tisa, wapagazi na mpishi, mizigo migongoni, na vilele vimewasimamia kama wakwe. Nimewaahidi kwamba itakaa kwenye dirisha la studio yako mjini. Nakuomba usiniaibishe.

Mwanao,
Kichwa Ngumu


14 Juni

Binti yangu Kichwa Ngumu,

Marahaba. Kifua hakijambo. Jirani amehama chumba cha kulala, kwa hiyo hata yeye hajambo.

Nimesafisha zote. Ile ya Lango nilipoitoa kwenye maji nilitafuta ndoo nikaipindua nikaikalia. Maisha yangu yote nimeishi chini ya mlima huu na sikujua kwamba una uso. Sikusifu, natoa taarifa tu.

Sasa kaa nawe. Bwana Kalenda alikuja mwenyewe. Picha nyingine alizipitia akiguna, akafika kwenye hiyo akaiweka kando. Anaitaka iwe ukurasa wa Julai, na iwe jalada pia. Lakini anataka mlima mtupu. "Mzee, hawa watu wanachafua theluji," ndivyo alivyosema. Anasema anayetundika kalenda anataka akae ofisini kwake aote kwamba yeye ndiye wa kwanza kufika. Na mkataba wako, kifungu cha sita, unasema mandhari bila watu. Ulitia saini. Mimi nilikulea usome kwanza.

Kazi yenyewe ni ya alasiri moja. Watu tisa, kila mmoja punje ya mchele. Kwa brashi hii nimefuta vipele vya maharusi, nguzo za umeme, sigara ya mwalimu mkuu, na shemeji mmoja aliyegombana na ukoo mzima. Hakuna aliyekufa. Una miaka arobaini na saba, mwanangu, na hakuna ukuta hata mmoja uliokutundika. Safari hii ni kuta za nchi nzima. Niruhusu.

Baba yako


Kambi ya Juu, 25 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumaini unakunywa chai ya tangawizi kwa ajili ya kifua. Hapa upepo umechana hema moja, lakini tu wazima sote.

Sikuruhusu.

Mlima mtupu ni uongo wa watu waliobebwa. Vitabu vya wapanda milima nimevisoma, tena vingi kuliko unavyodhani, na karibu vyote vina tabia moja. Mwandishi anabebewa hema, sufuria, hata ndoo ya choo. Anapikiwa uji, anavutwa kwa kamba pale miguu inapokataa. Akifika sura ya mwisho, anasimama kileleni "peke yake na anga". Peke yake vipi? Nani alikuwa ameshika chai? Halafu sisi tuliozaliwa chini ya milima hiyo tunavisoma vitabu hivyo, tunatikisa kichwa, tunasema jamani, huyu bwana shujaa.

Bwana Kalenda anasema wanachafua theluji. Mwambie apande mwenyewe, abebe mzigo wake mwenyewe, tuone atachafua nini.

Kifungu cha sita nilikisoma. Nilitia saini nikijua nitakivunja, kwa sababu nilidhani picha ikiwa nzuri vya kutosha kifungu kitaona haya. Hapo nilijidanganya na kosa ni langu. Lakini sirekebishi kosa langu kwa kufuta watu. Kama haitaki pamoja nao, airudishe, kuta za nchi nzima zibaki na rangi zake.

Na wewe baba, brashi yako naiheshimu, imenisomesha. Ila ukimgusa hata mmoja wao, kwenye bahasha usiniite tena mwanao.

Kichwa Ngumu


6 Julai

Binti yangu,

Marahaba. Mambo yamekwisha. Bwana Kalenda ameichukua picha, hana neno. Usiniulize nilivyomweza, wazee tuna njia zetu.

Paa la chumba cha giza, cha kusafishia picha, linavuja upande wa sinki. Nakutumia soksi jozi mbili, za sufu, zivae zote kwa pamoja. Funga shingo.

Baba


Kambi ya Mashariki, 20 Julai

Baba mpendwa, mshindi wangu,

Shikamoo, tena ya magoti mawili. Soksi nimezivaa zote, sasa natembea kama bata lakini bata mwenye joto.

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya wote. Mmoja wao, yule wanayemwita Bwana Pole kwa sababu hajawahi kuharakisha kitu, akauliza, "Kwa hiyo nitakuwa benki?" Nikamwambia benki, posta, na hospitali. Akasema, "Benki walinifukuza mwaka jana. Nilikuwa nimevaa hivi hivi." Walicheka mpaka sufuria ikaungua.

Nakiri nilikushuku. Barua yako ilikuwa fupi kama ya mtu anayedaiwa maelezo. Nisamehe. Nimetumia nusu ya maisha yangu kugombana na watu wanaosema "ndivyo biashara ilivyo", nikasahau kwamba nyumbani nina mzee anayeweza kuwaambia hapana.

Jiko amemtumia mkewe ujumbe kwa mpagazi huyu huyu aje dirishani kwako amwone. Amemwelekeza vizuri: wa tatu kutoka mbele, mwenye sufuria mgongoni. Mke wake hajawahi kuona anakofanyia kazi. Mkaribishe.

Mwanao,
Kichwa Ngumu


11 Agosti

Mpiga picha,

Habari za huko. Usisome barua hii ukiwa karibu na ukingo.

Ulivyoandika kuhusu bahasha nimekutii. Unaona nilivyokuita.

Niliwafuta. Ilinichukua alasiri mbili, si moja. Nilichapa picha kubwa, nikawafunika kwa rangi nyeupe na ya kijivu mmoja baada ya mwingine, nikaipiga picha upya ili alama za brashi zisionekane. Wa tatu ndiye pekee aliyekuwa anaitazama kamera. Nilimfuta wa mwisho. Nikampa Bwana Kalenda, na nakala moja nikaiweka dirishani, nikasema utakaporudi kalenda itakuwa imetoka, jina lako liko juu, utanitukana wiki mbili kisha utakula.

Alhamisi akaja mama mmoja na shoga yake. Wamevaa vizuri, viatu vimepigwa rangi.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kumwona mume wangu."

"Hapa hapakai mume wa mtu, mama."

Akacheka, akanionyesha dirisha. "Yule wa tatu, mwenye sufuria."

Niliona aibu, na aibu ikanifanya niseme uongo mwingine. Nikamwambia labda ni picha nyingine, bado iko njiani.

Akasogeza pua kwenye kioo. Shoga yake akamwambia twende, pengine mumeo kakutania. Hakusogea. "Alinieleza mwanya kati ya milima miwili. Ni huu. Na kamba hii hapa."

Nikatoka nje nikaangalia. Kweli. Kulikuwa na kipande cha kamba kimebaki hewani juu ya theluji, mimi nilidhani ni ufa wa jiwe.

"Kamba hii," akaniuliza, "imeshikwa na nani?"

Tangu nianze kazi hii hakuna mteja aliyewahi kuniuliza hivyo. Maharusi hawakuuliza. Yule shemeji hakurudi kuuliza. Nikamletea kiti. Akasema, "Nimezoea kusimama, mzee." Wakaondoka polepole, shoga yake amemshika mkono.

Nilitaka uonekane. Hiyo ndiyo sababu yangu yote, na nikiiandika hapa naona ilivyo ndogo.

Baba


Kambi ya Mashariki, 24 Agosti

Baba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu wewe ni mzee, si kwa sababu nina amani na wewe.

Umesema ulitaka nionekane. Mimi nilikuwa nyuma ya kamera, baba. Mpiga picha haonekani, na hilo halijawahi kuniuma. Waliokuwa mbele ya kamera ndio waliostahili kuonekana, na hao ndio uliowafuta. Usinipe zawadi iliyotolewa mfukoni mwa mwingine halafu uniambie ni mapenzi ya mzazi.

Nimewaambia mwenyewe. Nilisimama mbele yao kama nilivyosimama na barua ya ushindi. Bwana Pole alisema, "Basi, benki walishazoea." Jiko alisogea motoni. Alipika chai. Haikuwa na sukari, na hakuna aliyeuliza.

Asubuhi yake nilidhani watatua mizigo washuke. Wangekuwa na haki. Jiko alibeba sufuria, akaniambia, "Dada, tumebakiza vilele vitatu. Wewe piga. Sisi tutapita." Sijui kama ni msamaha au ni dharau. Naogopa kuuliza.

Kwa Bwana Kalenda nimeandika barua kali, iko ndani ya bahasha hii, ipeleke kwa miguu yako. Nakataza picha ile isichapwe. Msamaha usiniombe mimi. Aliyekuuliza swali unamjua, na anakaa mji huo huo. Filamu zangu sitakutumia tena.

Mpiga picha


30 Novemba

Mpiga picha,

Nakusalimu. Kifua kimekuwa kibaya kidogo, nakuambia kwa kuwa nimechoka kusema uongo, hata huu mdogo. Barua zangu tatu hukuzijibu. Hii si ya kukudai jibu.

Barua yako niliipeleka siku ile ile. Bwana Kalenda alisema mashine imeshazunguka. Nikamwonyesha ile kamba. Akasema hakuna atakayeiona. Mwezi huu zimetoka, na ziko kila mahali kama ulivyowaahidi: benki, posta, hospitali. Lango jeupe, safi kama sahani isiyoliwa.

Nilikwenda kwa mke wa Jiko mara mbili, mara zote nikaambiwa hayupo, na mara ya pili nilimsikia akikohoa ndani. Halafu wiki tatu zilizopita akaja mwenyewe, kalenda kwapani. Akaifungua mwezi wa Julai juu ya meza yangu.

"Mrudishe," akasema.

Nikamweleza kwamba karatasi hii inang'aa, rangi haishiki, na mikono yangu siku hizi inatetemeka. Akavuta kile kiti alichokikataa, akakaa. "Nina siku nzima."

Nikaipaka chaki karatasi ile mpaka ikapoteza mng'ao. Nikatundika negativu yako, ile filamu ya asili, kwenye taa, nikaanza na wa tatu. Kisha nikaona siwezi kumwacha peke yake mahali kama pale, nikaweka na wengine wanane. Tulimaliza saa kumi. Akaibeba bila kusema asante, na alikuwa sahihi.

Kesho yake wakaja wake wawili wa wapagazi na mama mzazi wa Bwana Pole. Keshokutwa yake akaja kinyozi, hana ndugu mlimani, anasema tu hapendi kudanganywa kwenye ukuta wake mwenyewe. Akafuata muuguzi, akabeba ya wodi. Hadi jana nilifika ya mia moja na kumi na nne. Watu wanapanga foleni mpaka kwa fundi viatu, na fundi viatu ananilaumu kwamba wateja wake hawapiti, huku na yake ameileta.

Jumatatu Bwana Kalenda akaja na mwanasheria.

"Mzee, unaharibu mali yangu."

Nikamwuliza, "Umeiuza au hujaiuza?"

"Nimeiuza."

"Basi imekuwa ya mwenye ukuta. Na mkono huu ni wangu, sijawahi kukuuzia. Pangeni foleni, mtanizibia mwanga."

Mwanasheria alicheka kabla hajakumbuka amekuja na nani. Wanasema watanishitaki. Nina miaka sabini na tisa. Waniwahi.

Sikuandikii ili uniite tena mshindi. Nilichofuta ni kalenda elfu nyingi, na ninachorudisha ni moja moja, sitazifikia zote hata nikipewa miaka mingine sabini. Nakuandikia kwa sababu kuna neno la kazi. Jana mke wa Jiko alirudi kulalamika. Anasema mumewe nimemchora mfupi. Nikamwonyesha negativu, nikamwambia mama, angalia, ndivyo alivyo hapa, ameinamishwa na mzigo.

Akaangalia vizuri, jicho moja kalifumba.

"Basi usimnyooshe," akasema. "Mwongezee mzigo, watu waone kwa nini."

Nimeongeza. Kuanzia ya mia moja na kumi na tano, wote tisa nimewaongezea.

Baba yako