Saa Tuliyoirudisha Nyuma

Alhamisi, 1 Novemba 2018

Kazini, duka la viatu. Mteja aliniuliza swali, nikamjibu kwa sauti ndogo mpaka akaniuliza tena. Naichukia sauti yangu.

Nyumbani kuna harufu ya udi. Jumapili Dada Zuhura anaolewa Tanga, saa kumi alasiri. Baba makaratasi yake hayajakamilika. Akitoka Marekani, harudi. Basi atasema kwenye simu: shehe atamuuliza, naye atajibu kwamba amekubali binti yake aozwe. Maneno machache tu. Amekuwa akiyafanyia mazoezi bafuni.

Dada ni mtoto wa mke wa kwanza wa Baba, marehemu. Amelelewa na Baba mdogo, Hamisi, tangu hajaota meno. Kwa hiyo kilichobaki kwa Baba ni hicho tu. Hayo maneno.

Jumamosi, 3 Novemba 2018

Kesho saa zinarudi nyuma, kama kila Novemba hapa Marekani: ikifika saa nane usiku, tunairudisha kuwa saa saba. Mama hapendi kabisa. Anahudumia wazee zamu ya usiku, na leo atafanya kazi saa moja zaidi. Anasema wazee wake huchanganyikiwa wiki nzima, wanadai chakula kabla ya wakati. "Jua lenyewe halijaomba kusaidiwa," alisema akivaa viatu.

Baba anaona ni jambo zuri. Tumepewa saa ya bure ya kulala, anasema, na asubuhi ya kwenda kazini itakuwa na mwanga. Baada ya chakula alizunguka nyumba nzima akipiga mluzi. Saa ya jiko la umeme. Saa ya chumbani. Saa mbili za ukutani sebuleni, moja ya majira ya hapa na moja ya majira ya Tanga. Akashuka kwenye kiti, akapangusa mikono. Nilimshikia kiti.

Nimepiga pasi kanzu yake.

Jumapili, 4 Novemba 2018

Sijui nianzie wapi.

Baba alitoka msikitini mapema. Tukakaa sebuleni, nguo safi, halua mezani. Tukaitazama saa ya Tanga. Ilipofika saa kumi kasoro kidogo Baba akatoa simu kwenye mfuko wa kanzu. Alikuwa ameizima sauti tangu alfajiri. Simu zisizopokelewa zilijaa kioo kizima. Zote za Baba mdogo.

Akapiga. Kule vigelegele, ngoma, watu wanakula.

Ndoa imeshafungwa. Shehe alikuwa na nikahi nyingine, hakuweza kungoja. Baba mdogo akasimama badala ya Baba.

Sijawahi kumwona Baba akipauka vile. Midomo imekuwa ya kijivu. Alisema, "Hamisi, saa kumi tulikubaliana." Baba mdogo akasema ndiyo, kaka, saa kumi, tumekupigia mpaka mikono ikachoka. Baba akasema wewe mwongo. Wewe umezoea kuitwa baba na mtoto wangu. Akakata.

Mwongo. Kwa mdogo wake. Siku ya harusi.

Mama alirudi kutoka kazini akatukuta tumekaa. Halua haijakatwa.

Jumatatu, 5 Novemba 2018

Baba anasema hajamwoza mtu. Amemtumia shehe ujumbe wa sauti kusema hivyo. Mama mkwe wa Dada amesikia, na sasa hataki kupokea mke ambaye baba yake amekataa. Dada yuko kwa Baba mdogo, masanduku yamefungwa, hina mikononi. Bibi harusi asiye na pa kwenda.

Nimempigia asubuhi kabla ya kwenda kazini. Alikuwa analia. Kisha akasema ngoja, mdogo wangu, Magharibi inaadhiniwa. Na kweli nikaisikia adhana.

Nikatazama ukutani. Saa ya Tanga ilisema saa kumi na moja na robo.

Magharibi haiadhiniwi saa kumi na moja na robo. Nimezaliwa Tanga, najua: ni saa nzima baadaye.

Nikakaa sakafuni. Baba aliirudisha nyuma na ile. Tanga hawarudishi saa. Wala hawajui kitu hiki. Na kwa kuwa alizirudisha zote mbili, tofauti ilibaki ileile tuliyoizoea, hakuna aliyeshtuka. Mimi nilishika kiti.

Jumanne, 6 Novemba 2018

Nilitaka kumwambia wakati wa chai. Nikafungua mdomo, nikaomba sukari.

Mama nimemwambia. Alijishika kichwa. Kisha akasema, "Mimi nikimwambia atasema namtetea shemeji yangu. Nenda wewe." Mimi. Ambaye sijawahi kumpinga Baba hata juu ya njia ya kwenda Carrollton, mji wa jirani.

Dukani wenzangu wanabishana kama desturi hii ya kurudisha saa ina maana. Mmoja anasifu asubuhi zenye mwanga. Mwingine analalamika kwamba anatoka kazini giza limeshaingia. Mimi niliendelea kupanga viatu, lakini najua jibu langu. Haina maana. Mwanga ni uleule. Kilichohama ni watu tu, na sisi wenye ndugu mbali tunaachwa njiani.

Jumatano, 7 Novemba 2018

Nimefanya.

Nilimpigia Dada muda uleule wa juzi. Nikaweka simu mezani mbele ya Baba, sauti kubwa. Sikusema neno. Baba akakunja uso, "Nini tena hii?" Kisha adhana ikaanza.

Baba hazungumzi adhana ikisomwa. Alisikiliza, akiitikia kwa midomo. Ilipoisha akaomba dua. Akainua macho ukutani. Akaitazama saa ya Tanga muda mrefu. Akatazama simu. Akatazama saa.

"Nani ameigusa?" akauliza. Halafu akakumbuka mwenyewe. Niliona jambo lenyewe likimfika.

Niliogopa atapiga kelele. Alikaa tu, kama mtu aliyeteremshiwa mzigo mgongoni bila kuonywa.

Akampigia Baba mdogo. Alisema, "Hamisi, mwongo ni mimi." Akamweleza habari ya saa ya ukutani. Kisha Baba mdogo akacheka mpaka akakohoa. "Kaka, huko mnarudisha saa nyuma, na jua mnalirudisha kwa kamba?" Baba alicheka huku anajifuta macho. Akaomba aitiwe shehe. Akasema maneno yake.

Ijumaa, 9 Novemba 2018

Dada yuko kwake, kwa mumewe. Ametuma picha ya jiko lake.

Baba mdogo ametuma sauti ya nikahi iliyorekodiwa. Baba aliisikiliza garini alipokuwa ananipeleka kazini, tukiwa bado tumeegesha mbele ya nyumba. Kabla ya khutba inasikika simu ikiita. Inaita, inakatika. Inaita tena. Shehe anasema muda unakwenda. Sauti ya Baba mdogo inajibu, taratibu: mngojeeni kaka yangu kidogo.

Baba aliirudisha nyuma akasikiliza hapo tena. Kisha akawasha gari.